Mwenyekiti Mwenye Viti

Watu wa Lukozi wananiita Mwenyekiti, na mimi sijawahi kugombea hata ukiranja wa darasa. Jina langu ni Salama. Nina duka dogo, na viti mia na hamsini vya plastiki, vya bluu, na maturubai manne, ninavikodisha kwa harusi, maulidi na mahafali. Mwanzoni waliniita Mama wa Viti. Baadaye nikawa Mwenye Viti. Halafu siku moja muuza karoti akanipigia kelele katikati ya soko kwa salamu yetu ya Kisambaa, "Onga mshi, Mwenyekiti!" Soko zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Ningejua neno hilo litanifikisha wapi, ningenuna.

Viti hivyo sikupewa na mtu. Ishirini vya kwanza vilitoka kwenye kabichi nilizolima bondeni kwa jembe la mkono, binti yangu Rahma akiwa bado mgongoni. Nilivibeba kichwani kutoka stendi, vinne vinne, watu wakinitazama kama nimerukwa na akili. Walitaka kujua vinamsubiri nani. Sasa hakuna anayeuliza. Sasa wanavichukua tu.

Nassoro, mume wangu, si mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu nikishaendelea mtadhani nimeolewa na jambazi. Hanywi, hanipigi, na shamba analima. Ugonjwa wake ni mmoja: hawezi kumwambia mtu hapana, isipokuwa mimi. Uchaguzi wa vitongoji ulipofika, watu wakampa yeye uenyekiti, na sababu waliitoa hadharani, mimi nikiwa nimesimama pale pale: nyumba ile ina mwenyekiti tayari, kazi wameizoea. Makofi, vigelegele, kwisha habari. Mimi mwenyekiti wa utani nikageuka mke wa mwenyekiti wa kweli, nikaingia jikoni kupikia wageni wake.

Tangu siku hiyo viti vyangu vikawa mali ya umma. Mkutano wa mbolea, viti. Mgeni kutoka wilayani, viti, na vile vyenye makava meupe. Chanjo ya mbwa, viti! Niambieni, mbwa anakaa kwenye kiti? Nikiuliza, Nassoro ananijibu kwa sauti ya upole inayonichefua kuliko matusi, "Mama Rahma, viti vipo, ni vya nyumbani." Hilo la "vya nyumbani" ndilo linaloniua. Jembe nililishika mimi, nyumbani ni kwake.

Msibani sitozi, na sitatoza mpaka nife. Mtu amefiwa, unamletea hesabu ya viti? Hapana. Lakini mbolea si msiba. Na vikienda bure vinarudi kama watoto waliopigana njiani, kimoja hakina mguu, kingine kina tope mpaka mgongoni. Kuna kimoja kilirudi kimeandikwa jina la mtu mwingine kwa rangi ya mlango, na mwenye jina akaniapia kwamba alinunua Tanga.

Mwaka jana walikuja akina mama wawili nadhifu, na mikoba yao, wakaniamkia vizuri, wakakaa. Mmoja akasema, "Mama, tumekuja kukuuliza kama una nia na viti maalum." Nikawaambia viti maalum ninavyo thelathini, vina makava na utepe nyuma, ila wavirudishe siku hiyo hiyo. Wakatazamana. Kumbe wanazungumzia udiwani. Walitaka mwanamke anayejulikana, na wameambiwa Lukozi kuna Mwenyekiti wa kike. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Nikawajibu kwamba sina nafasi, siasa ya nyumbani kwangu inanitosha. Nassoro alikisimulia kisa hicho barazani pa msikiti kwa wiki nzima, na kila aliyekisikia akaja dukani kuagiza "viti maalum viwili na soda".

Nacheka sasa, lakini mwezi uliopita sikucheka. Niliahidi viti themanini kwa mtu wa Malindi, hii ya kwetu milimani, si ya pwani, vikawa vimekwama kwenye mkutano wa Nassoro uliotakiwa kuisha saa nne ukaisha saa nane. Wageni wa yule bwana walikalia magunia ya viazi na nguo zao za harusi. Habari ikashuka na kupanda milima yote hii kabla mimi sijafika kuomba radhi.

Ndiyo maana Scholastica wa Mlalo, alipotaka viti vya harusi ya binti yake Yudith, hakupiga simu. Alipanda gari akaja mwenyewe. Akasimama mlangoni pa duka na kitenge chake cha kanisani, akasema, "Mwenyekiti, ya Malindi nimeyasikia. Nimekuja uniambie ana kwa ana. Vitafika au havitafika?"

"Mama Yudith, Jumamosi saa nne asubuhi viti mia na hamsini vitakuwa uwanjani kwako."

"Mia na hamsini?"

"Mia na hamsini, kisipungue hata kimoja."

Akanitazama kidogo, akaondoka. Nilijua ninachokiweka rehani. Harusi kubwa za huku ziko Mlalo. Nikimwangusha Scholastica, wa Mlalo hawatanitafuta tena, na viti vyangu vitabaki pambo la stoo.

Jumanne nikamwambia Nassoro, "Baba Rahma, Jumamosi viti vyote vinakwenda Mlalo. Vyote."

"Sawa," akasema, macho kwenye simu.

Nilipaswa kujua. Ninaishi na mtu huyu miaka ishirini na mbili. "Sawa" ya Nassoro maana yake ni kwamba amesikia mtu anaongea.

Jumamosi saa moja asubuhi, ukungu umefunika barabara na baridi ya kukata masikio, Tobia, dereva niliyemkodi, akaleta Fuso lake nyuma ya duka. Nikaenda stoo na ufunguo. Kufuli halikuwepo. Ndani kulikuwa na kuku mmoja, basi. Hata kile cha mguu wa kuungwa kwa waya kilikuwa kimechukuliwa.

Tobia akachungulia juu ya bega langu. "Mama, nipakie nini? Kuku?"

Rahma akatoka jikoni anakwepa macho yangu. "Mama, Baba alikuja na watu baada ya swala ya alfajiri. Wamevipeleka uwanja wa shule. Leo wanachagua mwenyekiti wa kamati ya maji."

"Nani anagombea?"

Akarudi jikoni. Hakuwa na haja ya kujibu.

Nilipanda Fuso. Sijui kama nililia au ni baridi, lakini macho yalikuwa yanatoka maji, na nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe. Nilikuwa nahesabu ni mara ngapi nimesema "vyote". Nilikumbuka mara mbili.

Uwanjani watu walikuwa wamejaa, wamejifunika mashuka na makoti, kila mmoja juu ya kiti changu. Meza kuu alikaa Nassoro na kofia yake ya Ijumaa. Pembeni yake alisimama Hezekia, mtendaji wa kijiji, kalamu mkononi, anaeleza utaratibu: jina lililopendekezwa mpaka hapo ni moja tu, la Mwenyekiti wetu Nassoro, na anayeunga mkono atasimama ahesabiwe.

Hapo ndipo Fuso lilipoingia.

Nikashuka. "Asalaam aleikum. Shikamooni wazee."

"Marahaba, Mwenyekiti!" wakaitikia, wengine wanacheka.

"Naomba msimame wote."

Wakadhani ni dua. Wakasimama, wengine wameshakinga mikono.

"Si dua," nikasema. "Nachukua viti vyangu. Vinakwenda Mlalo harusini, vilitakiwa viwe vimepakiwa saa moja. Nilishasema nyumbani sikusikilizwa, sasa nasema hapa. Mnisamehe kwa usumbufu. Ila yule wa Malindi hakuna aliyemwomba msamaha."

Nilidhani watanizomea. Lakini mtu wa mbele akainamia kiti chake, akakibeba akakipeleka kwenye Fuso. Wa pili naye. Kidogo uwanja mzima ukawa unatembea na viti vichwani, Tobia juu anapokea na kuvipanga, anahesabu kwa sauti. Nassoro hakuinuka. Alikuwa anasoma karatasi ambayo najua haikuwa na maandishi mengi kiasi hicho.

Kutoka nyuma akaongea Bibi Mariamu, ambaye bomba lake halijatoa tone tangu mfungo. "Mtendaji! Mimi nampendekeza Mwenyekiti."

"Ndiye tunayemzungumzia, bibi," Hezekia akasema.

"Siyo huyo. Huyo mwenye viti vyake. Mtu anayejua chake kiko wapi na kirudi saa ngapi, mkimpa bomba atalijua pia."

"Sitaki!" nikasema. "Nina harusi!"

Hakuna aliyenisikiliza. Nimezoea.

"Wanaomuunga mkono wasimame," Hezekia akasema, na hapo hapo akagundua alichokisema. Uwanja ulipasuka kwa kicheko.

"Tumeshasimama! Hesabu!"

Hezekia akaomba wapinzani wakae chini, kwenye majani. Majani yalikuwa yamelowa umande, lakini sidhani kama ni umande uliowazuia. Hakuna aliyekaa. Akaanza kuhesabu safu kwa safu, kalamu inagusa hewa.

Juu ya Fuso Tobia akaacha kuhesabu. "Mama! Mia na arobaini na tisa!"

Watu wote wakageuka kutazama meza kuu.

Ningeweza kuondoka kimoja kimepungua. Scholastica asingekihesabu, au angehesabu akanyamaza. Nilimwonea huruma Nassoro, nasema kweli, alivyokaa pale peke yake na kofia yake, watu mia na ushei wamesimama wanamtazama. Ni mume wangu. Lakini nilikuwa nimesema kisipungue hata kimoja, na neno hilo nililisema mimi, halikuwa la nyumbani.

Nikaenda mpaka mezani, nikainama ili wengine wasisikie.

"Baba Rahma, naomba kiti."

Hakuinua macho. "Salama, nikisimama watanihesabu."

"Najua."

Akashika meza kwa mikono miwili, akasimama, akakigeuza kiti na kunikabidhi upande wa mgongo wa kiti. Nyuma yetu nikamsikia Hezekia anaongeza mmoja.