Mguu wa Baba Kwenye Redio ya Gari

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hunijia kila ninapowasha gari, hata kama naenda hapo karibu tu kununua sukari. Nilikuwa bado na nguvu zangu, nikifanya biashara ya omena, dagaa wetu wa ziwani, nikizitoa Muhuru Bay na kuzileta soko la Migori kwa gari langu mwenyewe. Usinicheke. Unaniona na mvi hizi na miwani hii ukadhani nilizaliwa hivi. Watu wa njia ile walinijua kabla hawajaniona, kwa sababu ya muziki wangu, na kwa sababu ya harufu ya omena, ambayo haikuhitaji spika.

Siku hizo nilikuwa nimeweka redio mpya. Wenye magari wote walikuwa wameanza kusikiliza bila waya, kwa ile bluetooth: unaacha simu ndani ya mkoba, wimbo unapita hewani na kutokea kwenye spika za milango. Zamani nilitumia waya mfupi wenye kichwa huku na huku, kimoja kwenye simu na kingine kwenye redio, na waya ule ulikuwa unanikwama kwenye gia kila mara hadi naukemea kama mtoto. Nilipopata redio mpya niliutupa chini ya kiti, nikajiona nimefika. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Sasa nikujulishe baba yangu. Baba alikuwa mpigaji wa nyatiti, kile chombo chetu sisi Wajaluo chenye nyuzi nane. Wengi hudhani nyatiti ni vidole. Si vidole tu. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, na kwa pete hiyo hugonga ubao wa nyatiti huku njuga zikilia mguuni. Baba alikuwa akisema kwamba nyuzi anaweza kuzipapasa mtu yeyote mwenye subira, lakini mguu ndio mtu mwenyewe. Kwa mguu huo alitusomesha. Kwa mguu huo aliitwa kwenye arusi na matanga, kutoka kwetu Macalder hadi kisiwani Takawiri.

Uzee ukaja na ugonjwa wake, upande mmoja wa mwili ukafa ganzi, na mguu uliokwenda ndio ule ule. Nyatiti ikatundikwa ukutani. Baba hakulalamika, ila alipunguza maneno, na mtu aliyezoea kuwaimbia watu akinyamaza, nyumba nzima hupoa.

Ndipo familia moja ya Muhuru Bay ikanipa kanda ya arusi yao ya zamani, Baba akipiga siku za nguvu zake. Yeye mwenyewe hakuwahi kujisikia kwenye kanda hata mara moja. Mtu wa studio kule Homa Bay alinihamishia wimbo ule kwenye simu, tena kwa uangalifu, nikamficha Baba habari hiyo ili iwe zawadi. Siku ya kumpeleka kliniki Homa Bay, nikamketisha kiti cha mbele, nikamfunga mkanda, na tulipoiacha Macalder nyuma nikabonyeza simu.

Nyuzi zikalia. Nikawa namwibia jicho nikingoja tabasamu. Baba alisogeza sikio karibu na spika ya mlangoni, akasikiliza mpaka wimbo ukaisha, kisha akaniuliza kwa Kijaluo, nami nakupa kwa Kiswahili:

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, Baba. Arusini Muhuru Bay."

"Mguu uko wapi?"

Nikaurudisha wimbo, nikatega sikio. Kweli kulikuwa na kitu kikigonga, lakini kwa mbali, kama jirani anayetwanga ng'ambo ya ua. Njuga nazo zilikuwa zimegeuka mchanga unaomwagika. Nikaongeza sauti. Mchanga ukaongezeka.

"Kumbe nilikuwa napiga hivi," Baba akasema. "Na wao walikuwa wananisifu. Walinionea huruma tu." Akageuza uso dirishani. "Tukirudi, ishushe ile nyatiti ukutani. Ichanjwe kuni."

Niliumia, mwanangu. Mguu ulikuwa umekwenda, vidole vimekwenda, na kitu pekee alichobaki nacho kilikuwa kujua kwamba aliwahi kuwa hodari. Sasa hicho nacho kilikuwa kinatoka, ndani ya gari langu, kwa zawadi yangu mwenyewe.

Tulipofika Migori sikupita moja kwa moja. Nilisimama kwa Ouma, fundi aliyeniwekea ile redio, nikashuka nimekunja uso.

"Ouma, redio yako imekula mguu wa baba yangu!"

Alicheka, kisha akamwona Baba, akaacha kucheka. "Oyawore, jaduong'," akamwamkia kwa heshima, na Baba akaitikia kwa kichwa. Ouma akasikiliza wimbo kidogo tu.

"Auntie, redio ni mzima. Ukituma wimbo bila waya, simu inaufinya kwanza ndio ipite hewani. Wewe unauza omena, si ndio? Nikikuambia gunia mbili ziingie kwa gunia moja, utafanya aje?"

"Nitashindilia, na zingine nitamwaga."

"Basi simu imemwaga. Na ile kitu inamwagika mbaya ni hizi za kugonga-gonga, chuma na njuga. Nyimbo zako za kila siku huwezi jua. Hii ya mzee imejaa chuma. Waya ndio haifinyi hivyo. Ile yako iko wapi?"

Nikauvuta chini ya kiti, umejaa vumbi na omena mbili tatu zilizokauka. Ouma aliusafisha kwa shati lake, akauchomeka, akaujaribu kwa wimbo mwingine. Tukasikia mlio mwembamba, kama wa mbu, na nilipokanyaga mafuta mbu naye akapanda. Nikamwambia, waya wako huo nao umeleta wageni.

"Hiyo ni juu ya simu kuwa kwa chaji," akasema. "Waya inaokota kelele ya gari. Toa chaji. Sauti ya simu weka juu, karibu mwisho, halafu punguza ya redio."

Nilitoa chaji, mbu akanyamaza. Nikataka kuweka wimbo wa Baba hapo hapo, lakini aliinua mkono wake mzima. "Aibu ya leo imenitosha," akasema. "Twende."

Tukaenda. Tukaipita Awendo. Mbele kidogo, kati ya mashamba ya miwa, niliegesha gari kando, nikazima injini, nikamwomba mara moja tu.

"Wewe ni mkaidi kama mama yako," akasema.

"Mara moja, Baba. Ukikataa baada ya hapo, kuni nitachanja mwenyewe."

Nikabonyeza.

Chuma kiligonga ubao kana kwamba kigoda kimewekwa kati yetu. Njuga ziliingia moja moja, kavu, kila moja na mahali pake. Hata pumzi ya Baba kabla ya kuimba ilisikika, ya Baba yule kijana mwenye kifua kipana. Niliona mkono wake mzima ukishika mlango. Kisha mguu wake mzima, ule ambao maisha yake yote haukuwa na kazi kwenye nyatiti, ukaanza kugonga sakafu ya gari.

Katikati ya wimbo akaniamuru, "Msimamishe huyo mpigaji. Nina neno."

Hii ni desturi yetu, mwanangu, tunaiita pakruok. Nyatiti inapolia, msikilizaji aliyeguswa humsimamisha mpigaji, akasimama mbele ya watu, akajisifu na kumtaja ampendaye, kisha wimbo ukaendelea. Baba alikuwa amesimamishwa hivyo maisha yake yote, akingoja wengine wamalize kutaja majina ya wapenzi wao. Nikasimamisha wimbo. Akakaa wima, akavua kofia, akasema kwa sauti ya arusini, mbele yangu mimi na miwa:

"Mimi ni baba ya Akinyi! Akinyi wa Macalder, anayenukia omena! Alitoka nyumbani na nusu ya baba, sasa anaingia Homa Bay na baba mzima! Mpigaji, endelea!"

Nikabonyeza, chuma kikaendelea, nami nikalia hata nikashindwa kuona barabara. Baba akanicheka. Ile nyatiti haikuchanjwa kuni. Na kila safari ya kliniki, mpaka alipotuacha, aliingia garini akisema, "Weka waya." Namshukuru Mungu kwa kila safari, na Ouma pia namshukuru, pamoja na shati lake.

Basi mwanangu, sikwambii mambo ya bila waya ni mabaya. Habari, mahubiri, simu ya nyumbani, viache vipite hewani ili mikono ibaki kwenye usukani. Tena magari ya siku hizi yamesonga mbele. Kwenye gari la mdogo wangu, kusema kweli, sitofautishi waya na hewa. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Wimbo unaoupenda kwa dhati upe njia isiyoubana, uondoe chaji, uzime injini, usikilize kwa masikio yako mwenyewe.

Na usimhukumu mtu kwa sauti iliyokufikia, kabla hujauliza ilipitia wapi. Huenda alipiga vizuri sana, na ni njia iliyomwaga. Hasa usikubali mzazi wako ajihukumu hivyo. Mtafutie njia angali na masikio.

Mungu akulinde barabarani, mwanangu. Na siku moja katikati ya wimbo, ukiwa hujui hata kama unasikika, akupe mtu wa kuusimamisha na kulitaja jina lako kwa sauti.