Kola za Bi Zuhura

Siku waliyonidhania mwizi wa kwaya naikumbuka kwa harufu ya kahawa iliyoanikwa nje ya ofisi ya usharika, na ukungu uliokuwa ukishuka kutoka msituni. Mwanangu, nakuandikia habari hii kwa sababu juzi ulinionyesha ankara kwenye simu yako. Ulimchorea rafiki wa baba yako mdogo ramani ya nyumba, ukamsamehe nusu ya bei, kisha ukaandika ile nusu iliyobaki peke yake. Nilikurudishia simu. Mimi niliishia darasa la saba, nani anitume kukufundisha kazi uliyoisomea? Lakini tangu hapo sijatulia.

Nilikuwa kijana, nafundisha kwaya huku Old Moshi. Majoho yetu yalikuwa yamechakaa mpaka akina mama wa sauti ya kwanza waligombania safu ya nyuma. Nikatumwa mjini kwa Bi Zuhura, fundi cherehani mwenye kibanda karibu na soko. Tulimfahamu. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa dereva wa lori lililotupeleka kwenye mashindano, na alipofariki, kwaya nzima tulishuka na mikungu ya ndizi na maziwa. Tulikaa barazani kwake hatujui tuimbe au tunyamaze, sisi Walutheri kwenye msiba wa Waislamu. Mwishowe tukamenya ndizi.

Bi Zuhura hakusahau. Alitushonea majoho, na kola zake nyeupe, ambazo ndizo kazi ngumu, akazifanya bure. Hakumwambia mtu, hata mimi. Kwenye ankara aliandika mstari mmoja tu: majoho ya kwaya, na jumla yake.

Mwaka uliofuata kwaya ya vijana nao wakataka majoho kama yetu. Nikashuka tena, nikapewa ankara ya bei yake ya kawaida. Nikadhani vitu vimepanda. Mhazini wetu, Baba Ndesario, akazilaza ankara mbili mezani mbele ya kikao.

“Kitambaa kilekile, fundi yuleyule, aliyetumwa yuleyule,” alisema. “Hiki kilichozidi kimeshukia wapi njiani?”

“Kaulizeni kwa ng'ombe wake mpya!” akadakia mtu wa nyuma.

Wakacheka. Ni kweli nilikuwa nimenunua mtamba, kwa fedha za kahawa yangu. Nilijitetea vibaya. Mimi nikikasirika nashikwa na kigugumizi, na kigugumizi changu kilifanana sana na hatia. Wakaamua nisisimame mbele ya kwaya mpaka ukweli ujulikane. Jumapili ile mama yangu hakwenda ibadani. Alisema mguu unamuuma, na mguu wake ulikuwa mzima.

Nikashuka kwa Bi Zuhura. “Shikamoo,” nikamwambia. Akaitikia, nikaeleza. Akaweka mkasi chini.

“Yaani wamekuita mwizi kwa ajili ya kola zangu?”

Alifunga kibanda, tukapanda wote mlimani. Mbele ya wazee wa kanisa akasema, “Mwaka jana kola sikuzihesabu. Mlikuja kunizikia mume wangu. Mimi nimelelewa kwamba sadaka haitangazwi. Sasa ningeiandikaje?”

Mzee Eliaringa, mkubwa kuliko wote pale, akamwambia taratibu, “Mama, sadaka yako umeificha vizuri. Ila umeifichia mgongoni kwa huyu kijana.”

Bi Zuhura alinigeukia. Akaomba kalamu, akaiandika upya ankara ya mwaka jana: majoho na bei yake, kola na bei yake, kisha chini, kola zimetolewa bure kwa mara hii, shukrani kwa msiba. Ndipo ikaja jumla, ileile ya kwanza.

“Na atakayesimama kunishukuru kanisani,” akasema, “nguo yake ijayo nampandishia bei.”

Wakacheka tena, na safari hii nami nilicheka.

Baba Ndesario hakuniomba radhi, na simlaumu. Fedha zilikuwa za waumini, asingeuliza, ningemshangaa. Mpaka leo wanakwaya wachache waliobaki wakikutana nami Moshi huuliza kwanza, “Ng'ombe hajambo?”

Basi mwanangu, andika kazi yote na bei yako ya siku zote. Chini yake andika ulichosamehe, kwa nini, na kama ni mara hii tu. Halafu anachodaiwa. Kilicho bure kabisa nacho kitaje, ukiwekee sifuri. Usitie chumvi kwenye bei ili upate cha kupunguza. Hiyo si zawadi. Na ukitaka kutoa kwa siri, pokea malipo yako yote, kisha toa mfukoni mwako pasipo karatasi.

Labda nakosea. Moyo wangu bado unazipenda zile kola za mwanzo, wakati hakuna aliyejua. Bi Zuhura ametangulia, na joho langu lipo sandukuni, kola bado nyeupe.

Mungu aibariki mikono yako. Akupe wateja, akupe na moyo wa kusamehe bei. Na yeyote atakayetumwa ofisini kwako, arudi kwao na jina lake zima, na mama yake aende ibadani.