Ésaïe Atembea na Mise à Jour

Kule Beni, katika avenue moja ya Mulekera, watu hawakungoja redio iwaambie kama vita imekaribia. Waliangalia mlango wa Ésaïe Syauswa, fundi wa broderie. Akiwa anafunga godoro, na wao walifunga. Akiwa amekaa kwenye mashini yake akidarizi majina ya wenyewe kwenye fulari za kichwani, akina mama waliendelea kutwanga majani ya sombe.

Na kweli, mwanaume yule alijua kuamua. Mara ya mwisho risasi zililia chai ikiwa ingali mdomoni mwake. Palepale mashini ya broderie ikawa juu ya pikipiki, kompyuta kifuani chini ya koti, mke wake Jemima kwenye pikipiki ya pili, na sufuria zikaachwa zilinde nyumba. Jemima anasema ile chai aliimeza karibu na Butembo.

Kwa hiyo ilikuwa ajabu kumwona mtu kama huyo, sasa amehamia Mususa, mjini Butembo, anashindwa na kitufe kimoja.

Mambo yalikuwa hivi. Mashini ya broderie haina akili yake. Mchoro unatengenezwa kwenye kompyuta, halafu unapita kwa waya mpaka kwenye sindano. Ili kompyuta na sindano ziweze kusikilizana, kuna programu ndogo katikati yao inayoitwa pilote. Sasa kila asubuhi kompyuta ya Ésaïe iliomba mise à jour: iwekewe programu mpya, pilote mpya, kila kitu kipya. Na kila asubuhi Ésaïe alibonyeza "baadaye", kwa upole mwingi, kama mtu anayemjibu mhubiri aliyemkuta mlangoni siku ya soko.

Lévi, jirani yake anayetengeneza simu, alikuwa amemwelezea juu ya mtu mmoja ambaye printa yake ilinyamaza baada ya mise à jour, na mpaka leo haijasema tena. Lévi alisema hivyo kama mazungumzo tu. Ésaïe aliipokea kama habari ya kifo. Sindano ikikataa kusikia kompyuta, yeye atafanya nini? Kazi nyingine hakuwa nayo. Alikuwa amejaribu kulima, na Jemima bado anacheka akikumbuka yale mahindi.

Ndipo akaja Mama Vagheni. Huyu alikuwa kiongozi wa akina mama wa Mulekera waliokimbilia Butembo, na wote walitaka fulari mpya kwa ibada ya Jumapili. Wataingia kanisani pamoja, kila mmoja na alama ya taa na jembe kichwani, na chini yake neno MULEKERA. Walikuwa wamechoka kuitwa wakimbizi. Walitaka watu wasome mahali walipotoka.

Mchoro ulichorwa na shemeji yake Mama Vagheni aliyebaki Beni, ukaja ndani ya clé USB iliyofungwa kwenye ncha ya kitenge. Ésaïe akalifungua fundo, akaichomeka clé. Kompyuta ikakataa: mchoro huu ni wa programu mpya, mimi ninayo ya zamani. Lévi akaitwa, akatazama, akasema bila mise à jour hakuna kitu.

"Basi ufanye," Mama Vagheni akasema.

"Tutaona, mama."

"Tutaona siku gani? Dimanche iko nakuya, haiko nangoja wewe."

Siku zikapita. Ésaïe akasafisha mashini. Akaitia mafuta. Akaenda hata kwa mchungaji kuomba maombi, na mchungaji akauliza kwa huruma ni nani mgonjwa.

Halafu vijana wa mji wakatangaza ville morte: maduka yafungwe, mtu asifanye kazi, ili wakubwa wasikie kama watu wamechoka na mauaji ya kila juma. Siku ile Mususa yote ilifunga milango. Hakukuwa na mteja, hakukuwa na kelele, na mbaya zaidi kwa Ésaïe, hakukuwa na sababu. Jemima akaweka simu yake mezani, imejaa mega za intaneti.

"Papa Ornella," akamwita kwa jina la binti yao anayesoma Lubero kwa bibi yake, "leo hauna hata mutu moja wa kujificha nyuma yake."

Ésaïe akapangusa mikono. Akapangusa na kitufe. Akakigusa kwa kidole kidogo, kama mtu anayepima kama pasi imeshapata moto.

Mega zikaingia polepole, karibu asubuhi nzima. Halafu skrini ikawa ya buluu, na maneno ya Kifaransa yakatokea: kazi inaendelea, usizime kompyuta. Chini yake asilimia zilikuwa zinapanda moja moja; zilipokaribia nusu, risasi zikalia upande wa barabara kubwa. Nani aliyepiga, hakuna aliyebaki kuuliza. Watu wakaanza kuteremka kwa mbio mbele ya mlango, viatu mkononi.

Jemima alikuwa tayari na kifurushi. Akageuka, akamkuta mume wake amekaa.

"Simama. Batu banakwisha kwenda."

"Banaandika hapana kuizima."

"Basi uifunge, twende."

"Nikiifunga italala, na ikilala katikati, pilote itakufa."

Jemima alimtazama yule mwanaume aliyeacha sufuria zake zote Beni bila kugeuka nyuma. Alichukua simu, kwa sababu wote wawili waliamini kwamba intaneti haifai kukatika, na Ésaïe akainua kompyuta ikiwa wazi, mikono yote miwili chini yake, kama mtu aliyebeba sinia ya mayai. Wakatoka.

Watu walikimbia, wao walitembea. Ésaïe aliangalia skrini, na Jemima aliangalia mashimo kwa niaba yake: shimo, jiwe, mtaro. Jemima asitangulie sana, asibaki nyuma sana, mtandao usije ukapotea. Mtu angewaona angefikiri ni arusi iliyokosa njia.

Mama Vagheni alikuwa anakuja nyuma yao kwa mbio, kitenge mkononi. Alipomwona Ésaïe wa Mulekera anatembea hatua kwa hatua, akapunguza mwendo. Akina mama wawili wa Beni waliomfuata, nao wakapunguza. Kama Ésaïe anatembea, vita gani hiyo?

"Hakuna shida?" Mama Vagheni akauliza, anahema.

"Shida iko," Ésaïe akajibu bila kuinua macho. "Tuko kwa sitini na mbili."

Mama Vagheni hakuelewa sitini na mbili ya nini, lakini akashika kiwiko chake ili asianguke mtaroni, na wakaendelea hivyo mpaka nyumbani kwa Lévi, mwisho wa mteremko, wakajibana wote ndani ya korido. Hapo skrini ikazimika. Nyeusi kabisa. Ésaïe alifunga macho, na hata risasi za nje hakuzisikia tena. Aliposhtuka, Jemima alikuwa anamgonga bega: picha ya mlima ya kila siku imerudi kwenye skrini, kompyuta imewaka. Lévi akaeleza kwa adabu kama ile simu haikuwa na kazi tangu skrini ilipogeuka buluu. Jemima aliitazama simu, akamtazama mume wake, akaiweka mfukoni.

Kulipotulia walirudi kwa Ésaïe, Mama Vagheni nyuma yao. Ésaïe akachomeka waya na kufungua mchoro. Ulifunguka: taa, jembe, na neno. Hiyo ilikuwa rahisi. Akatandika fulari chini ya sindano, akabonyeza, na mashini ikakaa kimya. Ikakaa tena kimya. Jemima akaacha kutania. Akamshika mume wake mgongo, mkono ukabaki pale.

Halafu sindano ikashuka, ikapanda, ikashuka, na uzi wa manjano ukaanza kuchora taa.

Ésaïe hakukaa. Alisimama karibu na waya mpaka herufi ya mwisho, kama mtu anayemwangalia mtoto anavuka mto. Alipotafuta mkasi akate nyuzi zilizobaki, Mama Vagheni alikuwa ameshachukua fulari na kuifunga kichwani hivyo hivyo, nyuzi zinaning'inia juu ya sikio. Akatoka nayo nje. Milango yote ya avenue ilikuwa bado imefungwa. Akapita katikati ya barabara, taratibu, na mlango mmoja ukafunguka kidogo ili mtu asome.