Siku Nilipohesabu Miguu ya Watu

Wacha nijiaibishe mapema tumalizane: mimi ndiye yule mzee aliyepiga magoti katikati ya zebra, ile michoro ya kuvukia barabara, siku ya soko, koti la kanisani mwilini, akiokota ndengu huku malori yakimpigia honi kutoka pande zote. Mji wenyewe sitautaja. Wanaonijua wanajua ni wapi, na wasionijua hawatapungukiwa na kitu.

Nakaa upande wa Mukuyuni. Nyumba yangu ilikuwa na watu... (ona, karibu niwahesabu). Niseme tu ilikuwa imejaa, na sasa naijaza mimi na redio. Mke wangu Kalondu alinitangulia, watoto wakaenda kutafuta maisha, na kitinda mimba wetu, Ndinda, akawa mtu wa barabara huko Nairobi, kazi ambayo mimi niliyeacha shule darasa la tatu nikachunge mbuzi sikuielewa vizuri, kwa maana nilidhani injinia wa barabara ni yule anayesimama kando ya tingatinga akipiga kelele.

Kumbe kuna mtihani. Ukitaka leseni ya uinjinia unakalishwa mbele ya wakubwa wanakuuliza maswali mpaka unatoka jasho, na upande wake Ndinda ulikuwa ni taa za barabarani, zile za kijani, njano na nyekundu, kila moja iwake sekunde ngapi na kwa nini. Lakini kabla ya kuufanya ilibidi apange taa za mahali pa kweli, mkubwa wake azikague, aweke sahihi. Bila sahihi, hakuna mtihani. Basi akapewa taa mpya za njia panda ya soko letu, ambazo bado zilikuwa zikiwaka kwa sekunde za kubahatisha tu.

Akanipigia simu (na mjue mara ya mwisho kupiga tulikuwa hatujapanda, na sasa tulikuwa tumeshavuna). Akaniita Nau, yaani baba kwa Kikamba chetu. "Nau, natafuta mtu wa kunihesabia watu wanaovuka pale sokoni, kuanzia saa nne mpaka saa tano, wiki mbili hivi. Unajua mtu?"

"Niko mimi," nikasema kabla hajamaliza.

"Wewe? Utaweza kukaa kwa jua?"

"Kwani jua limeanza leo?"

Hapo ndipo nilipojifunga, kwa sababu mimi sihesabu watu. Mama yangu alinikataza nikiwa mdogo kabisa: mbuzi usiwahesabu, ng'ombe usiwahesabu, na watu usiwaguse kabisa, maana wanaohesabiwa wanaanza kupungua. Mchungaji wetu anasema hayo ni mambo ya zamani, na mimi ni mzee wa kanisa, nachangisha sadaka, kwa hivyo mbele yake naitikia. Lakini mtu aliyeona nyumba yake ikipungua mmoja mmoja hachezi na maneno kama hayo. Na Ndinda, msichana wa vitabu, ningemwambiaje?

Basi nikapata ujanja. Pale njia panda kuna rafiki yangu Kilonzo, fundi wa viatu, anatembelea mikongojo kwa sababu ana mguu mmoja, na ana kibao kifupi cha wateja. Ukikaa hapo huoni nyuso, unaona miguu. Nikajaza ndengu mfuko wa kulia wa koti, na kila mguu uliovuka nikahamisha ndengu moja kwenda mfuko wa kushoto. Miguu si watu. Jioni ningemwaga ndengu mezani, nizihesabu, nigawanye kwa mbili, nimpe Ndinda jibu, na mama yangu huko aliko asinung'unike.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe, ni dogo kama ndengu. Jioni ya kwanza nilikuwa nimetoka tu kumaliza kuhesabu, mia tatu themanini na nane, hata kalamu ya kugawanyia sijashika, simu ikalia.

"Nau, umepata ngapi?"

"Mia tatu themanini na nane," nikasema, nikavuta pumzi niongeze kwamba ni miguu.

"Ati ngapi! Nau! Wengi hivyo? Aki hii sasa ni kazi!" Na akacheka, kicheko kile cha mama yake kabisa, na badala ya kukata simu akaanza kunieleza. Alisema taa zina mzunguko wake, sekunde tisini, kama sufuria moja ya uji ya watu wengi: ukimwongezea huyu umemnyima yule. Akaeleza kuna sekunde chache ambazo pande zote zinakuwa nyekundu, watu wote wanangoja, ili aliyechelewa katikati amalize kutoka. Nikauliza maswali ya kijinga ili asimalize. Tuliongea mpaka chai ikapoa, na nilipoweka simu chini sikufungua redio.

Ningepunguza aje hiyo hesabu kesho yake? Nikampa miguu tena. Na kesho kutwa pia. Kila saa moja jioni simu ikilia mimi nimeshaketi, nimenawa uso, kama mtu anayetembelewa. Siku ya mwisho ya kuhesabu nikampa mia nne na saba, akapiga kelele ya furaha. Nikajiambia hesabu si mbaya, watu wataongezeka tu, mji unakua.

Halafu akasema, "Jumatatu tunakuja kujaribisha. Mimi na Injinia Mutiso, yule wa sahihi. Uje uone kazi yako, Nau."

Nilienda. Nilivaa koti lile lile (na ndengu zilikuwa bado mfukoni, sikumbuki nilikuwa nazipeleka wapi). Ndinda alikuwa amekonda, akanisalimia kwa mikono miwili, akanitambulisha kwa Injinia Mutiso, mwanamume wa suruali iliyopigwa pasi vizuri: "Huyu ndiye baba yangu, ndiye aliyehesabu. Ni mtu makini sana." Makini! Nilitazama viatu vyangu.

Fundi wa taa akafungua lile sanduku la chuma kando ya barabara, akaingiza sekunde za Ndinda. Watu wa miguu walipewa kijani ndefu, kwa sababu ya mia zangu nne. Taa ikageuka, watu wakavuka, ikachukua muda wa kufunga kamba za viatu. Kisha zebra ikabaki tupu. Kijani inawaka, hakuna mtu. Magari yamesimama. Kijani bado inawaka.

Mara ya kwanza watu walivumilia. Mara ya tatu foleni ilikuwa imefika kwenye kituo cha petroli, na dereva wa lori la ng'ombe kutoka Zombe akateremka kabisa, akashika kiuno.

"Nani ameweka hii kitu? Tunangojea mizimu ivuke?"

"Ng'ombe zako ndizo zina haraka ama ni wewe?" Mwikali wa nyanya akamjibu kutoka meza yake.

"Mama, hawa ng'ombe watazaa hapa hapa!"

Injinia Mutiso akaangalia karatasi, akaangalia zebra. "Ndinda, wale watu mia nne wako wapi?"

"Labda bado ni mapema, sir," Ndinda akasema.

Mtu mwenye akili angesema ukweli hapo. Mimi nikavuka. Nilifikiri, kama watu hawatoshi, basi wacha niwe wengi. Nikavuka kwenda, taa iliporudi kijani nikavuka kurudi, mara natembea wima, mara nimeinama kidogo nifanane na mtu mwingine, mara nimevua kofia. Nikapita kwa Mwikali nikamnong'oneza, "Dada, vuka kidogo unisaidie." Akasema, "Nivuke niende wapi?" Nikasema, "Popote." Akavuka na beseni lake, na wenzake wawili wa kanisani wakamfuata wakidhani kuna maombi ng'ambo.

Ilikuwa mara ya saba au ya nane, nikasikia Injinia Mutiso akisema, "Huyo si baba yako tena?"

Niligeuka ghafla nione Ndinda ana sura gani, na mfuko wa koti ukanasa kwenye beseni la Mwikali ukapasuka, na ndengu zote zikamwagika, zikaenea kwenye ile michoro nyeupe kama mtu anapanda shamba. Nikapiga magoti. Usiniulize kwa nini, mtu wa ukame haachi ndengu chini, mikono inaenda yenyewe. Kijani yangu ikaisha nikiwa huko chini, ya magari ikawaka, na honi zikaanza, na yule wa Zombe akatoa kichwa dirishani: "Sasa huyu naye anavuna!" Soko lote likasimama kutazama. Mchungaji wetu alikuwa hapo pia, ameshika mfuko wa sukuma wiki.

Ndinda ndiye aliyekuja kuniinua. Akashika kiganja changu, akaona ndengu, akaniangalia.

"Nau. Hizi ndizo ulikuwa unahesabia?"

"Ndiyo."

"Ndengu moja, mtu mmoja?"

Nilitamani lami inimeze. "Ndengu moja, mguu mmoja," nikasema. "Mimi sihesabu watu. Unajua nyanya yako alivyosema. Nilikuwa nigawanye kwa mbili."

Injinia Mutiso alikuwa amefika, amesikia. Akatoa simu akabonyeza. "Mia nne na saba gawanya kwa mbili ni mia mbili na tatu na nusu." Akainua uso polepole. "Na huyu nusu ni nani?"

"Ni mimi, Injinia!" Kilonzo akainua mkongojo wake juu. "Nilivuka kwenda kunywa chai, sikurudi haraka. Lakini siku hiyo nilikuwa nimeshiba, ungeandika mtu mzima!"

Soko likaanguka kwa kicheko. Hata dereva wa Zombe alicheka akasahau ng'ombe. Mimi nilimtazama mtoto wangu peke yake, na yeye hakucheka.

Sahihi haikuwekwa. Injinia Mutiso hakutukana, alisema tu hesabu irudiwe, na mtihani ungoje kikao kinachofuata. Tulipobaki wawili kando ya kibanda cha Kilonzo, Ndinda akauliza, "Kwa nini hukugawanya? Kugawanya kwa mbili unajua."

"Ulifurahi," nikasema. "Ukafurahi, ukakaa kwa simu."

Alinipangusa vumbi kwenye magoti kwa muda mrefu kuliko vumbi lenyewe lilivyokuwa, kisha akaingia kwenye gari la kazi.

Alirudi baadaye akarudia hesabu mwenyewe, kwa kile kidude cha kubonyeza, akalala kwangu siku tatu. Niliwasha taa ya mbele kila jioni ingawa bado kulikuwa na mwanga. Kitu kimoja alichokiona yeye na mimi sikukiona, ingawa nilikaa naye kibao kimoja, ni kwamba kwa zile sekunde za zamani, zilizokuwa zimerudishwa, Kilonzo kila akivuka taa inambadilikia akiwa katikati. Akampima kwa saa, akaandika kwamba sekunde za Kilonzo ndizo ziwe kipimo cha kuvuka, na Injinia Mutiso akaweka sahihi. Kikao kilichofuata alipita, na nasikia hilo ndilo swali waliloliuliza sana. Alinitumia ujumbe, "Nau nimepita." Nikampelekea Kilonzo anisomee mara mbili.

Ndengu nyingine ziliota kwenye ufa wa lami pale kando ya zebra, zikakanyagwa. Watu bado wananiita Miguu. Naitikia.

Nimeapa sitahesabu tena kitu kwa ajili ya kumshika mtu kwa simu. Nikiwa na upweke, nitapiga mwenyewe niseme nina upweke, basi. Jana jioni nilijaribu. Ililia sana, akashika, nyuma yake kulikuwa na watu wanaongea.

"Nau, uko sawa?"

Nilikuwa nimelipanga neno lile vizuri, nikalisema lote, bila kugawanya.

Akasema polepole, "Niko kwa mkutano, Nau. Usilale. Nakupigia."

Simu iko hapa mezani. Nimeiweka chaji, nimenawa uso.