Soda Tatu kwa Mafuta Moja

Shemeji yangu alirudi kutoka semina ya kutengeneza sabuni na brevet, cheti chenye mhuri, na tangu siku hiyo hakuna mtu nyumbani kwetu Kabondo aliyeweza kunawa mikono bila kupewa mhadhara. Mimi nilikuwa mahali pangu, kwenye kiti cha plastiki barazani, kazi ninayoifanya kwa uaminifu tangu nimalize sekondari, seksheni ya biokimia.

Mama alikuwa ametutumia bidoni ya mafuta ya mawese kwa mtumbwi kutoka Yanonge. Bidoni moja tu, mchuzi wetu wa miezi mingi. Shemeji akamshawishi yaya, dada yangu mkubwa ambaye kwa bahati mbaya ndiye mke wake, aigeuze yote kuwa sabuni za kuuza mlangoni. Sabuni ikiharibika, tungekula pondu chungu, majani ya muhogo yasiyo na mafuta, hadi mama atukumbuke tena.

Asubuhi ya kazi shemeji akapanga makopo chini. Semina ilikuwa imemfundisha kwamba molekuli moja ya mafuta hushikwa na molekuli tatu za soda, ile soda kali ya kuunguza ngozi. Ni kweli. Lakini ukweli ukiingia katika kichwa kile hutoka umechakaa.

"Donc," akasema, "kopo moja ya mafuta, kopo tatu ya soda. Iko simple."

Nimewahi kumwona mbuzi akila katoni. Hata yeye aliinusa kwanza.

"Bofrere," nikamwambia shemeji, "ile tatu haiko ya kopo. Iko ya kuhesabu."

"Utahesabu molekuli na macho gani? Wewe hata watoto wa hii parseli ya nyumba yetu huwezi kuhesabu bila kusinzia."

Yaya akacheka. Nikasimama, jambo lililowashtua wote wawili.

"Samaki kapiteni mmoja anakula ndakala tatu," nikasema. "Ukiwa na kilo moja ya kapiteni, utamupatia kilo tatu ya ndakala? Kapiteni iko samaki mukubwa, ndakala iko kama kidole! Soda ndiyo ndakala. Mafuta ndiyo kapiteni."

"Bon. Na hesabu ya samaki yako iko wapi?"

Hapo ndipo mole inapoingia. Mole ni fungu la chembe ambalo idadi yake haibadiliki, liwe la soda au la mafuta. Kinachobadilika ni uzito wake tu. Hivyo mtu asiyeweza kuhesabu chembe anapima gramu, na mizani inamhesabia. Mwalimu wetu alitufundisha haya bila mizani, kama mtu anayefundisha kuogelea kwa kusimulia mto. Tuliimba tu: sita nukta sifuri mbili, mara kumi kwa kipeo cha ishirini na tatu! Tuliimba vizuri kuliko kwaya, na hakuna aliyejua ni idadi ya nini.

Uzito niliukumbuka. Mole ya soda, gramu arobaini. Tatu, mia na ishirini. Mole ya mafuta, karibu mia nane na hamsini. Kwa hiyo, nikawaambia, soda haifiki hata sehemu ya sita ya uzito wa mafuta.

"Hizo ni za masomo," akasema shemeji. "Hapa ni pratiki."

Yaya akamchotea kopo moja la mafuta. "Fanya yako kwanza, papa," akamwambia mumewe.

Akayeyusha makopo yake matatu ya soda kwa maji katika sufuria ya aluminiamu. Sufuria ikaanza kuchemka bila moto, ikatoa povu jeusi, na soda ikala aluminiamu hadi tundu likafunguka chini. Tulikimbilia nyuma ya nyumba, brevet ikiwa mbele yetu.

"Sufuria ilikuwa ya bandia," akasema.

Nilikuwa nikitafuta tusi la kumtosha, yaya akanigeukia.

"Wewe mukubwa wa kusema, bidoni yote ni yako sasa. Pima."

Dharau yangu ikatafuta pa kukaa, ikakosa. Kutoka kitini kumcheka mjinga ni rahisi. Nilienda mwenyewe, kwa miguu yangu, kuazima mizani kwa muuza maharagwe, nikapima mafuta, nikapima soda iliyobaki mara mbili, nikapunguza kidogo kwa woga, nikaiyeyusha kwa maji, nikakoroga vyote kwenye beseni la plastiki huku jasho likinidondoka na shemeji akinihesabia makosa.

Sabuni ilipoganda, tukaiacha siku kadhaa. Kisha yaya akakata kipande.

"Lamba."

"Mimi?"

"Soda ikizidi inauma ulimi. Si ulisema haizidi?"

Nikalamba. Nilingoja maumivu huku nimefumba macho, na shemeji akaegemea karibu kabisa, uso wake umejaa matumaini.

Haikuuma. Ladha yake ilikuwa ya sabuni, kitu kibaya kuliko pondu yoyote.

"Alors?" akauliza yaya.

Nikatema mate, yakatoka povu tupu. Yaya akachukua kisu, akaanza kukata sabuni, bidoni nzima ya mama, vipande vya kuuza.