Kubaki na Mwenye Uchungu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maternité moja, nyumba ya kuzalia, ya Uvira, sikumgusa mzazi hata mmoja mpaka mchana. Mkuu wa maternité, mama mnene mwenye sauti ya chini iliyonitisha kuliko ya daktari, alinipa ndoo na klorini akaniambia nioshe sakafu. Mimi na diploma yangu mpya, na blauzi niliyoipiga pasi alfajiri! Nikaosha. Nawaandikia ninyi wakunga wadogo mnaofanya kazi leo katika tambarare ya Ruzizi, na zaidi namwandikia binti yangu Furaha, mkunga wa Sange. Wiki hii watu wanahama Sange tena, na yeye yuko huko. Mkiona maandishi yangu yanarukaruka, mjue sababu.

Mchana ule mkuu aliniita kando ya kitanda. Alikuwa ameweka kiganja juu ya tumbo la mama mwenye uchungu, akahesabu kimoyomoyo jinsi tumbo linavyokaza na kulegea. Akaniambia niweke changu kando ya chake. Tulisubiri hivyo mpaka uchungu mmoja ukapita, ndipo akaondoa chake.

"Ile njo remise-reprise, kupeana zamu," akasema. "Mukono yako haitoke pa tumbo mpaka mukono ingine ikuye. Ukisikia njaa, ungoje. Ukisikia usingizi, ungoje."

"Na nikisikia woga, mama?"

"Woga pia." Akaenda kunywa chai.

Makabidhiano mengine tuliandika kwenye partogramu, ile karatasi ya kuchora jinsi njia ya mtoto inavyofunguka. Lakini kwake karatasi ilikuja baada ya mkono, na wote aliowafundisha tulifanya hivyo popote tulipopelekwa.

Nilipelekwa kwanza Runingu. Titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo, alikuwa mzee wa Kiprotestanti aliyeongoza sala kila asubuhi kabla ya kupokea wagonjwa. Alichagua nyimbo mwenyewe na kuziimba vibaya, na hakuna aliyethubutu kucheka. Ndiye aliyenifundisha kusikiliza moyo wa mtoto kwa pembe ya mbao, nikiwa nimefumba macho. Sala yake ilikuwa fupi: "Bwana, utuonyeshe kazi ya leo. Ya kesho, weye unaijua." Mimi niliiona ni sala ya mvivu. Sala zangu zilikuwa na maelezo: nyumba, watoto wenye afya, kituo kilicho karibu na mama yangu. Nilitaka Mungu aniambie mapema mambo yatakavyokwisha, kisha ndipo nimtii vizuri.

Kutoka pale nikahamishiwa Kiringye, nikiwa tayari nimeolewa na mwalimu na tuna watoto. Furaha ndiye mkubwa, alikuwa ameanza shule juzi tu.

Asubuhi moja milio ya risasi ilisikika upande wa kaskazini. Tulikuwa tumeizoea milio ya mbali, lakini hii ilikuwa inakuja. Kabla jua halijapanda, barabara ilijaa watu wenye magodoro na mbuzi, wanaelekea Sange, wengine wanakata mashamba kwenda kuvuka mto upande wa Burundi. Titulaire wa Kiringye alikuwa ameitwa Uvira kwenye mkutano. Ndani nilikuwa na mzazi mmoja, Neema, mimba yake ya kwanza, na mama mkwe wake. Mtoto alikuwa hajashuka vizuri. Kumpandisha mtu kama huyo kwenye baiskeli ni kumuua njiani.

Mume wangu akaja na baiskeli, Furaha nyuma, mdogo wake amefungwa mgongoni mwa baba yao. Akasimama dirishani.

"Mama Furaha, twende. Batu yote banakimbia."

"Iko muntu ndani."

"Minye niko na batoto wako hapa. Naenda nao. Weye?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya tumbo la Neema. Niliomba, kwa haraka na kwa hasira, kwamba Mungu alete mkunga mwingine, au gari, au anipe ahadi tu kwamba nitawaona watoto wangu tena. Nilisikiliza. Hakuna kilichokuja isipokuwa uchungu mwingine wa Neema. Nilichokijua ni kile kimoja nilichofundishwa, na sikuona ruhusa popote ya kukivunja. Nikasema, "Mutangulie." Furaha alinitazama mpaka baiskeli ikapinda kona, na hakulia. Afadhali angelia.

Sikuwa jasiri, mniamini. Nilitazama mlango kila mara hata mama mkwe akaniambia nikae. Mchana watu wenye silaha walipita barabarani. Mtoto alipozaliwa akapiga kelele kwa nguvu zake zote, na mimi ambaye maisha yangu yote nimefurahia sauti hiyo, nilitamani anyamaze. Hakuna aliyeingia. Tulipotoka, Neema alitembea taratibu, mama mkwe amebeba mtoto, tukifuata vijia vya mashamba ya mpunga.

Nilikuta familia yangu siku kadhaa baadaye, katika ua wa kanisa Uvira. Nilinyoosha mikono. Furaha alishika suruali ya baba yake na kugeuza uso, na ilichukua muda mrefu kabla hajanikubali tena.

Sisemi Mungu alituokoa kwa sababu nilibaki. Mwenzangu wa kituo kingine alibaki vilevile, akaomba vilevile, na hatukumwona tena. Sasa nimestaafu. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba kazi ya siku ile ilikuwa wazi kwangu, na mwisho wake haukuwa wazi. Nadhani mzee wa Runingu alijua hivyo muda wote.

Jana mchana Furaha alinipigia simu. Kituo kimebaki na yeye peke yake. Ana mzazi mmoja ndani.

"Mama, nifanye je?"

Wanangu, neno *kimbia* lilikuwa mdomoni. Huyu ni mtoto wangu. Nilikuwa tayari kumwambia Mungu kwamba nilishalipa zamu yangu Kiringye, asinidai na huyu. Nikamwuliza moyo wa mtoto unapigaje. Akasema unapiga vizuri, lakini mama amechoka.

"Ubakie naye," nikasema. Sauti haikuwa yangu.

Akashusha pumzi. "Aksanti, mama. Niliogopa utaniambia nikimbie. Ungesema, ningekimbia."

Simu yake haipatikani tangu jana. Nimeketi kibarazani, hapa Uvira, nikitazama kila anayeshuka kutoka barabara ya Sange.