Mwalimu Hakuruka

Kipa wa timu yangu anapewa mpira, na badala ya kuupiga mbele anaukanyaga. Anaangalia kushoto, anaangalia kulia, kama mtu anayechagua nyanya sokoni Buguruni. Halafu anampa beki. Beki anamrudishia. Huo ndio mpira wa Ulaya wa siku hizi, na watu wazima wenye ndevu wanaupigia makofi. Mie nimeushabikia tangu enzi za televisheni ya chogo, nikiwa bado kijana napiga randa Keko, na nawaambia umeoza. Mchezaji anaguswa nywele, anashika goti, anagaragara. Mie nilivunjika mfupa wa paja na sikugaragara. Nilikuwa nimelaliwa na watu. Ningegaragara wapi?

Timu yangu ni ya Uingereza, inavaa nyekundu. Jina siliandiki, na humu sitaandika jina la timu wala la mtu. Wakosaji nawataja kwa kazi zao na viti walivyokalia. Wenyewe watajijua, na mtaa utawajua.

Banda tulilokuwa tunalipia kuangalia mpira lilikuwa Temeke, nyuma ya mashine ya kusaga, kibanda umiza kama vingine vyote: mabati ubavuni, turubai juu, skrini mbili, feni moja. Feni ilikuwa ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Simaanishi aliinunua yeye. Namaanisha ilielekezwa kwake, na yeye aliingia bure kila siku, akakaa kiti cha mbele, miguu kainyoosha. Huyo mweke kando, nitamrudia.

Banda letu lilikuwa na utaratibu wake. Timu iliyo juu kwenye msimamo wa ligi, mashabiki wake wanakaa viti vya plastiki mbele. Iliyo chini wanapanda jukwaa la nyuma: mirunda imesimamishwa, mbao zimegongelewa juu yake, ngazi nne. Ukiwa wa chini ukakaa mbele, unanyanyuliwa na kiti chako. Na kulikuwa na kuzika. Timu ikipigwa, wale walioshinda wanapanda jukwaani na kanga, wanawafunika wenzao, wanaimba nyimbo za msibani, mmoja anajifanya mjane anapiga yowe. Mie mwenyewe nimeshazika watu wengi mle. Nimekuwa mjane mara tatu.

Msimu ule sie wekundu tulikuwa chini, kwa hiyo tulikaa jukwaani. Pembeni yangu, ngazi ya tatu, alikaa mwalimu. Alikuwa anafundisha hesabu shule ya msingi ya pale pale, mtu wa Singida, mpole, shati limepigwa pasi hata Jumamosi. Mwekundu mwenzangu. Alikujaga na kitabu kwapani na penseli sikioni, na mpira ukisimama kidogo tu, anafungua anasoma. Mtu anasoma kibandani! Tulimcheka sana.

"Mwalimu, umekuja kuangalia mpira au kufanya mtihani?"

"Fundi, mechi ni dakika tisini," akanijibu. "Ukitoa wanazogaragara, zinabaki hamsini. Hizo nyingine nifanye nini, nikuangalie wewe?"

"Kitabu cha nini hicho?"

"Nyuki."

"Nyuki wa Temeke?"

"Wa Singida. Nikistaafu nakwenda kutundika mizinga."

"Watakung'ata urudi huku mbio."

"Nimefundisha darasa la watoto mia na ushee, fundi. Nyuki watanifanya nini?"

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Jumamosi, mechi ya mchana, sie na wale wa bluu. Nilifika mapema. Mie ni seremala, mkono wangu hauwezi kupita kwenye mti bila kuupapasa. Nikapapasa mrunda wa katikati kwa nyuma, ukanimwagia unga kiganjani. Mchwa. Nikamfuata mwenye banda, alikuwa mlangoni kashika rimoti.

"Bosi, mrunda wa katikati umeliwa."

"Wee fundi, unatafuta kazi."

"Sitafuti kazi. Umeliwa, njoo uone."

"Msimu ukiisha utanibadilishia yote. Panda bwana, wanaingia uwanjani."

Nikapanda. Mwenye banda ni mkosaji wa kwanza, hilo halina mjadala. Lakini aliyeona unga kwa macho yake na bado akaenda kukaa juu yake, na asimwambie hata jirani yake wa ngazi ya tatu, ni nani? Nitawataja wote, na mie nimo.

Hadi dakika za mwisho tulikuwa tumefungwa moja. Tukasawazisha. Jukwaa zima likaruka, na mrunda ukavumilia. Mwalimu hakurukaga. Bao likiingia alipiga makofi matatu akiwa amekaa, pa, pa, pa, kama anampongeza mtoto aliyepata jibu ubaoni. Siku hiyo pia alipiga matatu. Halafu refa akaweka kidole sikioni. VAR! Kitu gani kile? Watu wamekaa chumbani na televisheni zao wanapima kwapa la mtu kwa rula. Sie tukakaa, tunaomba Mungu. Mwalimu akatoa penseli sikioni, akafungua kitabu chake.

Bao likakataliwa. Bega, sijui kidole, kilikuwa kimezidi.

Wale wa bluu wakanyanyuka na kanga. Anayewaongoza ni nani? Mwenyekiti wa mtaa, ndiye aliyekuwa mjane siku hiyo, kanga kajifunga kichwani. Wakapanda wote kuja kutuzika, kundi zima juu ya jukwaa ambalo tayari limejaa. Mwenye banda pale mlangoni anacheka, anawarekodi na simu.

Nilisikia mlio kama wa mwiko uliovunjwa gotini. Baada ya hapo watu, mbao, vumbi. Nilipopata fahamu nilimwona mwalimu kabla sijauona mguu wangu. Alikuwa chini yetu. Kidole chake cha kushoto kilikuwa bado ndani ya kitabu. Alifia pale pale.

Hospitali nililazwa wiki nyingi, mguu umeninginizwa na mawe. Mwenye banda alikuja kunitazama, na lazima niseme alikuja na supu ya kuku na machungwa. Akakaa kwenye kiti cha wageni, akatoa kisu, akaanza kunimenyea. Ndipo akaingia mjane wa mwalimu, mjane wa kweli safari hii, kitambaa cheusi kichwani.

"Shemeji, pole," akaniambia. "Sitakaa. Nina swali moja. Wanasema mume wangu ndiye aliyeruka mpaka jukwaa likakatika. Kanisani mzee wa kanisa kasimama mbele ya jeneza anatuonya na anasa. Shuleni walimu wenzake wananong'ona, mtu mzima karukaruka kama mtoto akaumiza watu. Wewe ulikaa naye. Aliruka?"

Kisu cha mwenye banda kikasimama. Akaniangalia. Nilijua pale pale habari ile imetoka mdomoni kwa nani. Maiti haina wa kuisemea. Ukiitwisha mzigo inabeba.

Nikasema, "Shemeji, mambo yalikuwa ya haraka. Sijui."

Akatikisa kichwa, akashukuru, akaondoka. Mwenye banda akanipa chungwa. Nikalila.

Nilirudi nyumbani na magongo. Kazi ya randa ni ya miguu miwili, kwa hiyo nilikuwa nakwenda kwenye meza ya magazeti pale barabarani kusimama na wanaume wengine tukisoma vichwa vya habari bure. Mie darasa la nne ndio mwisho wangu, nasoma kwa kidole. Mmoja akasema banda letu liliandikwa, gazeti lile la zamani liko chini ya meza. Nikalifungua.

"Mzee, vichwa vya habari ni bure," akasema muuza magazeti. "Kurasa za ndani unanunua."

Nikanunua. Habari fupi kama tangazo la chumba cha kupanga. Ilisema shabiki mmoja, mwalimu, aliruka kwa furaha kupita kiasi na kusababisha jukwaa kuanguka. Chanzo cha habari: mmiliki, na mwenyekiti wa mtaa. Mwandishi mwenyewe hakufika. Angefika angeona mrunda, majirani wanasema ulilala pale siku nne kabla haujakatwa kuni.

Matanga yalikuwa yamekwisha siku nyingi nilipokwenda kwa mjane. Nilikwenda kumwambia, nikaishia kunywa chai. Wakati naaga akanitolea kile kitabu.

"Chukua, shemeji. Mie nikikiona nasikia makelele ya mpira."

Basi hicho ndicho nilichosoma mwaka huu, mkitaka kujua. Sina kingine. Na nitasema ukweli, aliyekiandika hajui kuandika. Kila ukurasa ni "ni muhimu kuzingatia". Kama kila kitu ni muhimu, basi hakuna muhimu, ni sawa na mchambuzi wa redioni anayesema kila mechi ni ya kufa na kupona. Kaandika kurasa tano juu ya moshi. Moshi! Ningempa mie ubao mmoja na misumari kumi, angeandika kurasa hamsini na kitanda kisingekuwepo. Lakini pembeni kuna mwandiko wa mwalimu, mdogo, umenyooka. "Mizinga kumi kwanza." "Mama watoto anaogopa, nyumba iwe mbali." Hiyo ndiyo niliyokuwa naisoma kwa hamu. Nilisoma na kidole miezi minane, nikikasirika, hadi nikafika kwenye ukurasa wenye kona chafu ya vumbi la siku ile.

Pale mwalimu alikuwa anapiga mstari wa penseli chini ya sentensi, juu ya kuvuna asali jioni. Mstari umenyooka kama umepigwa kwa rula. Katikati ya neno unachepuka, unakata maneno yote ya chini, unatoka nje ya karatasi.

Anayeruka hapigi mstari.

Nikachukua magongo saa ile ile. Mjane alikuwa uani anapepeta mchele. Sikukaa. Nikamwonyesha ukurasa.

"Shemeji, hakuruka. Alikuwa amekaa, anasoma. Hospitali nilikudanganya, mwenye banda alikuwa amekaa pale."

Aliangalia ule mstari, akaufuata kwa kidole mpaka unapotoka nje. Halafu akaendelea na ungo.

"Mie unaniambia ya nini?" akasema. "Nimeishi naye miaka ishirini na mbili. Hata harusini kwake hakuruka. Nilikuuliza wewe ili uwaambie wao. Nenda kawaambie waliosema. Na kitabu kiache."

Hakunipa hata maji. Sawa.

Msimu huu mwenye banda kafungua tena, pale pale nyuma ya mashine. Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyempitishia karatasi za kibali. Nikaenda Jumamosi, mechi ya mchana. Nje kuna ubao wa ratiba, umeandikwa kwa chaki. Ndani nikaona jukwaa. Mirunda ile ile ya zamani iliyobaki, safari hii imepakwa rangi ya bluu.

"Fundi!" mwenye banda kaniona. "Karibu, karibu. Wewe leo bure. Mpeni fundi kiti cha mbele!"

Sikuingia. Nina chaki yangu, ya kuwekea alama mbao. Nikafuta ratiba kwa kiganja, nikaandika. Naandika taratibu, na herufi zangu zinakwenda zikipanda. MWALIMU HAKURUKA. ALIKUWA AMEKAA ANASOMA. MRUNDA ULILIWA NA MCHWA. NILIMWAMBIA BOSI. NIKAKAA KIMYA. FUNDI.

"Unaandika nini hapo?" mwenye banda akauliza.

"Ratiba."

Dereva wa bodaboda mmoja akaisoma kwa sauti, yote, kama anatangaza mpira. Watu wakasogea.

"Futa," mwenye banda akasema.

"Futa wewe. Umezoea."

Akafuta kwa mkono wa shati. Nikaandika upya. Mwenyekiti akatoka ndani, ile miguu yake ya kunyooka imekunjika ghafla.

"Fundi, huu ni uchochezi. Mambo ya mwaka jana hayo, marehemu tumwache apumzike."

"Mmemtwisha jukwaa zima, atapumzikaje? Na wewe ndio ulikuwa mjane, kanga kichwani. Au nayo niiandike?"

Watu wakacheka, lakini si cheko la kibandani. Mwenye banda akafuta tena, nikaandika tena. Mara ya tatu nilifupisha, chaki ilikuwa inaisha: MWALIMU HAKURUKA. Yule wa bodaboda akaingia ndani, akachukua funguo za pikipiki akakwangua rangi ya bluu kwenye mrunda. Akarudi na kiganja wazi, anawaonyesha watu unga.

Mechi ikaanza. Sitadanganya kwamba waligoma. Nusu yao waliingia, watu wa Temeke na mpira ni kama ugoro. Lakini walijibana wote mbele, wekundu na wabluu, wawili kwenye kiti kimoja cha plastiki, mwenyekiti kasukumwa hadi pembeni kusikofika feni. Jukwaani hakupanda hata mmoja.

Mie nilisimama nje pale ubaoni mpaka mapumziko, nikiulinda. Kipa wangu nilimsikia tu kwa matusi ya watu: bado alikuwa anampa beki.